Nimeahidi marobota 200 ya nyasi ambazo hazijaota, Ami nisaidie

Ami shikamoo,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimebanwa. Niko huku Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki, nina ng'ombe watano wa maziwa na eka nne za nyasi za malisho, Boma Rhodes, nilizopanda mwaka juzi, mchanga wetu ni ule mwekundu unaoujua, maji ukimwaga hayakai. Mwaka jana masika bila mbolea yoyote nilikata marobota 120, nafunga kwa lile kasha la mbao, robota moja kama kilo 15 hivi, ng'ombe wakala mpaka kaskazi ikaisha.

Sasa mwaka huu akaja shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yeye anakaa Mombasa na mambo ya simu anayajua sana. Akaniambia shemeji wewe umelalia pesa. Akafungua programu fulani ya nje huko, unaandika eka zako, aina ya nyasi na kilo za naitrojeni, kile chakula cha majani kilicho ndani ya mbolea, inakujibu utavuna ngapi zaidi. Ikatujibu kila kilo moja ya naitrojeni inaleta kilo 30 za nyasi kavu. Tukakaa barazani na kahawa tukapiga hesabu, mifuko minne ya mbolea ya yuria ya kilo 50, mmoja kila eka, kila mfuko una kilo 23 za naitrojeni kwa hivo jumla 92, mara 30 ni 2,760, robota langu likikauka kabisa lina kama kilo 13, haya gawanya, marobota 212! Juu ya zile 120 zangu za kila mwaka! Mke wangu akasema nyinyi mnahesabu vifaranga kuku hajataga, tukamcheka.

Tukachanga nusu kwa nusu, mfuko 3,800. Na mimi, Ami, hapa ndipo nilipojikaanga, nikaenda Malindi mjini kwa bwana mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa nikamuahidi marobota 200 kwa shilingi 300 kila moja, akanipa 15,000 mkononi.

Mvua ya kwanza ya Aprili ikapiga usiku mmoja, asubuhi na mapema nikaamka nikamwaga mbolea yote siku hiyo hiyo. Wallahi baada ya hapo jua siku kumi na moja. Siku ya pili ya tatu nikipita shambani nasikia harufu kama banda la mbuzi. Mvua yenyewe ikaja Mei, nyasi zikaota, lakini madoa madoa, hapa kijani ya kukoza, pale njano. Nimekata eka tatu nimepata marobota 112. Eka tatu hizo hizo mwaka jana zilinipa 90. Eka ya nne bado imesimama, vijana wa kasha hawajarudi, nawalipa 80 kila robota kukata na kufunga.

Sasa mwenye ng'ombe anapiga simu kila siku, shemeji anasema mimi ndiye nilimwaga vibaya manake kwenye eka ya nne hata mbolea iliisha kabla sijafika kona ya mkorosho, kwa hivo hasara ni yangu peke yangu, na eti vuli tuweke mifuko miwili kila eka tufidie. Swali langu Ami, kuna njia ya mtu kujua kabla, kwamba nikiweka mfuko huu nitapata marobota kadhaa? Ama ni bahati nasibu tu?

Ni mimi, Mwenye Ng'ombe Watano, Magarini

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka pale kwenye 212, mara ya pili sikucheka manake mimi nina yangu. Miaka ile nimeanza kufuga hapa Gede nilinunua mbolea ya CAN nikaimwaga Mei katikati, mvua imeshashika vizuri, nikajiona fundi. Usiku ule ikanyesha mvua ya mafuriko mpaka asubuhi. Wiki tatu baadaye mtaro wa barabarani ulikuwa na nyasi kijani kama zulia la msikiti na shamba langu njano vilevile. Mbolea yangu ilikula mtaro! Kwa hivo sikucheki sana.

Tuanze na ile 30 ya shemeji. Si uongo. Nyasi za nchi za joto, Boma Rhodes, ginea, matete, zikipata maji ya kutosha, jua kali na ardhi isiyokosa kitu kingine zinaweza kufika hapo na hata kupita. Lakini New Zealand, watu ambao mkate wao wote uko kwenye nyasi, wakipanga bajeti wanaanzia kilo 10 za nyasi kavu kwa kilo moja ya naitrojeni, na wanajua msimu mbaya inashuka mpaka 5 na msimu mzuri inakaribia 20. Nyasi zao ni za baridi, si zetu, lakini angalia walivyoishika namba yenyewe, wanaishika kwa mbali. Shemeji ameichukua namba ya shamba linalomwagiliwa maji akaipachika kwenye mchanga wa Magarini unaongoja mawingu. Hiyo namba ni ya maji na ya mchanga na ya mwezi uliomwaga, si ya mfuko. Mfuko ukiusoma umeandikwa 46 tu, yaani asilimia 46 ya naitrojeni, basi, hakuna mahali umeahidiwa nyasi.

Naitrojeni kwa nyasi ni kama tanga kwa jahazi. Upepo ukiwepo unaongeza tanga unakwenda, upepo ukilala tanga hata ziwe tatu unakaa pale pale unaangaliana na nahodha. Upepo kwako ni mvua. Na si mvua ya jumla ya mwaka, ni mvua ya zile wiki nne tano sita baada ya kumwaga.

Sasa ile harufu ya banda la mbuzi, hapo ndipo pesa yenu ilipopita. Yuria ikilala juu ya udongo wenye unyevu kidogo, vimeng'enya vya udongoni vinaivunja ndani ya siku chache inakuwa amonia, ile ile inayokuchoma pua kwenye choo cha stendi. Ikinyesha tena haraka, hata milimita 10 au 15, inazama chini inashikwa na udongo, nyasi zinaila. Isiponyesha inapaa. Na kwetu inapaa zaidi manake joto ni kali, upepo wa baharini haukati, na mashamba ya karibu na pwani yenye matumbawe ndani yana chokaa, chokaa inaisukuma amonia itoke haraka. Wewe ulimwaga asubuhi baada ya mvua moja ya usiku, kisha jua siku kumi na moja. Ungeitafuta siku mbaya zaidi ya kumwaga yuria usingeipata. Ungekuwa umeweka CAN isingepaa hivo, ila CAN ina asilimia 26 tu kwa hivo mfuko unakupa kilo 13 badala ya 23, na kwenye mchanga kama wako mvua kubwa ikija inazamishwa chini kuliko mizizi au inasombwa, ndiyo hadithi yangu ya mtaro. Kila moja ina mwizi wake.

Haya, hesabu yako halisi. Marobota 112 toa 90 ni 22 zaidi. Mara 13 ni kilo 286. Eka tatu zilikula kilo 69 za naitrojeni. Gawanya, unapata 4 na kidogo. Umeahidiwa 30 umepata 4.

Lakini ngoja, hata hiyo 4 mimi siiamini, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Wewe unalinganisha mwaka jana na mwaka huu. Mvua ya mwaka jana si ya mwaka huu. Nani amekwambia bila mbolea mwaka huu ungepata 90? Pengine ungepata 110 na yuria haikukuletea hata robota tatu, pengine ungepata 70 na yuria ndiyo iliyokuokoa. Hujui, mimi sijui, na programu ya shemeji ndiyo haijui kabisa. Angalia tulipotoka, 2020 mpaka 2022 mvua zimekatika msimu baada ya msimu mpaka Kilifi nzima tunahesabu mizoga, halafu mwisho wa 2023 El Niño ikaja barabara zikakatika. Shamba lile lile, mbolea ile ile, ungepata namba mbili ambazo hazijuani.

Wenzetu hili walilijua zamani. Huko Uingereza, mahali panaitwa Rothamsted, kuna uwanja wa nyasi walianza kuujaribu mbolea mwaka 1856, na mpaka leo unakatwa na kupimwa. Wakati wote huo kuna vipande hawajavitia kitu, vitupu kabisa, zaidi ya miaka 160! Mtu wa kawaida akiviona atasema hawa ni wavivu. Bila hicho kipande kitupu hizo namba zao zingine zote hazina maana, hawana cha kulinganishia. (Halafu kwenye vile walivyotia mbolea ya salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka bila chokaa udongo uligeuka tindikali na aina nyingi za majani zikatoweka, hilo nalo liweke akilini ukitaka kumwaga kila msimu.)

Na wewe, bila kujua, unacho kipande kitupu. Ile kona ya mkorosho! Shemeji anakutukana nayo, kumbe ndiyo kitu cha maana zaidi shambani mwako saa hizi, na eka hiyo bado haijakatwa. Chukua fito nne funga mraba wa mita moja kwa mita moja. Nenda kwenye kona, si chini ya mkorosho wenyewe, kivuli kitakudanganya, toka hatua kadhaa nje lakini bado mahali ambapo mbolea haikufika. Weka mraba, kata kila kilicho ndani, acha vidole vitatu vinne kutoka ardhini, tia kwenye mfuko. Fanya hivo mara tano sehemu tofauti za kona. Kisha nenda upande uliomwagwa mbolea, mara tano pia, na usichague yale madoa ya kijani tu ndugu yangu, tupa fito mgongo umegeuka, ikianguka kwenye njano kata njano. Anika juu ya bati ukigeuza geuza, siku tatu nne, mpaka ukipima leo na kesho uzito haubadiliki. Mizani ya jikoni inatosha.

Tuseme mraba wa kona umetoa gramu 120 kwa wastani na wa mbolea gramu 150. Tofauti ni 30. Eka ina mita za mraba 4,047, kwa hivo zidisha, ni kama kilo 121 za nyasi kavu kwa eka, gawa kwa 23 unapata 5 na kidogo. Hiyo ndiyo namba yako ya masika haya, imetoka kwenye mchanga wako. Namba moja ya msimu mmoja haitoshi kutabiri lakini ni bora kuliko 30 ya barazani.

Sasa piga nyingine ambayo hamkuipiga na kahawa yenu. Robota unauza 300, vijana 80, unabaki na 220. Mfuko 3,800. Ili mfuko ujilipe tu, bila faida, unahitaji marobota 17 zaidi kila eka, hizo ni kama kilo 225 kavu, gawa kwa 23, karibu 10. Kwa hivo kwa bei hizo zako, kilo kumi za nyasi kavu kwa kilo moja ya naitrojeni ndiyo kizingiti. Ukipata chini ya hapo unamfugia mwenye duka. Wewe usiulize mbolea itanipa ngapi, uliza kuna uwezekano gani nipite 10. Msimu mvua ikishika, mbona utapita, Boma Rhodes si mchezo. Msimu wa kubahatisha, hapana.

Mifuko miwili kila eka vuli? Hapana, na mwambie shemeji Ami amesema hapana. Kilo za kwanza za naitrojeni ndizo nyasi huzikimbilia zikiwa na njaa, kila ukiongeza kinachorudi kinapungua, mpaka unafika mahali unamwaga na hakuna kinachoongezeka. Na kama kinachokosekana ni maji, au fosforasi, au potasiamu, ambayo kila robota unalouza unaipakia kwenye pikipiki inaondoka shambani, basi mfuko wa pili unakwenda kukaa na wa kwanza. Tena kuna hatari nyingine, nyasi zilizomwagiwa naitrojeni nyingi halafu jua likazipiga zikadumaa zinajaza naitreti ndani, yaani naitrojeni ambayo nyasi hazijaitumia, ng'ombe akila anahema kwa shida, damu inageuka rangi ya chokoleti, anaanguka. Na usidhani ukizikausha inaondoka, kwenye nyasi kavu naitreti inabaki. Mfuko wa yuria wenyewe nao weka mbali na mbuzi, wanakufa kweli.

Vuli fanya hivi. Eka moja tu. Pima vipande vya mita 10 kwa 20, hicho ni kama sehemu moja ya ishirini ya eka. Kimoja usitie kitu. Kimoja tia kilo moja na robo ya yuria, ni sawa na nusu mfuko kwa eka. Kimoja kilo mbili na nusu, sawa na mfuko mzima. Kisha rudia vitatu hivo hivo upande mwingine wa shamba, ili bonde lisikudanganye. Chomeka vijiti, vipake rangi, waambie watoto wasiving'oe. Usimwage mvua ya kwanza. Subiri nyasi zitoe majani mabichi na udongo uwe umelowa mpaka chini, kisha umwage jioni mawingu yakiwa yamefunga, na Idara ya Hali ya Hewa nao hutoa utabiri wao wa msimu kabla ya vuli, usikilize, si Kurani lakini unakwambia msimu umeegemea wapi. Weka mkebe ulionyooka pembeni, asubuhi pima kwa rula ya mtoto wa shule, andika kwenye daftari. Baada ya wiki tano, sita kata kwa ule mraba. Ukifanya masika na vuli miaka miwili utakuwa na namba nne zenye mvua zake pembeni, na hapo ndipo utaweza kutabiri kitu, utasema mvua ikiwa hivi mimi napata kati ya hapa na hapa. Kati ya hapa na hapa, mwanangu, usimtajie mteja namba moja tena.

Mbolea ya ng'ombe watano unaipeleka wapi? Hukuiandika hata mara moja kwenye barua. Ianze hiyo. Na panda miti ya gilirisidia au lusina kwenye ua, majani yake yana protini ambayo ng'ombe anaihitaji, na naitrojeni wanaivuta hewani bure, hawakuulizi 3,800.

Sasa watu. Bwana wa Malindi usimkimbie simu, panda matatu uende kwake kabla hajaja kwako. Una marobota 112 na eka moja imesimama, tuseme ifike 145 zote. Ng'ombe wako watano walikula 120 mwaka jana, kwa hivo za kuuza ni 25, labda 30 ukibana. Mpe hizo, hesabu katika zile 15,000, iliyobaki mwambie utarudisha kwa mafungu au kwa maziwa, mpangie tarehe. Atafoka. Acha afoke, ana haki. Usije ukamuuzia chakula cha ng'ombe wako ili uonekane mwanamume wa maneno, Februari kaskazi ikivuma utanunua nyasi hizo hizo kwa bei mara mbili.

Na shemeji, hasara ni nusu kwa nusu kama mtaji. Yeye alileta namba bila kuuliza mvua, wewe ulimwaga siku mbaya na ukauza kitu ambacho hakijaota, sioni nani wa kumcheka mwenzake. Mwite aje mkate hiyo miraba pamoja, yeye ashike kalkuleta si anaipenda. Mwenye haki hapo nyumbani ni mke wako, na hilo nadhani ameshakukumbusha.

Ila usingoje shemeji atoke Mombasa wikendi. Kona ya mkorosho kata kesho asubuhi, jirani yako lazima ana mbuzi, na mbuzi wa Magarini ninavyowajua hawangoji utafiti.